Mwaka Tulioziba Matangi kwa Nta

Itigi, nilipokuwa mtoto, garimoshi lilikunywa kabla ya watu. Palikuwa na tangi la chuma juu ya nguzo, upande wa stesheni, jeusi, lina kutu mabegani, na bomba nene lililoning'inia kwa mnyororo. Garimoshi likija linasimama chini yake likihema, bomba linashushwa, maji yanamwagika kwa kishindo mpaka ubaridi wake unakufikia usoni hata ukiwa umesimama mbali. Mama zetu walikuwa wanapita na madebe matupu kichwani, wanatazama, wanaendelea zao korongoni kufukua mchanga. Mlinzi wa tangi alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya reli. Siku moja mwanamke mwenye mimba kubwa alimwomba debe moja tu. Yule bwana akatoa ufunguo wa bomba mfukoni, akauinua juu tuuone wote, akaurudisha mfukoni. Akasema, "Maji haya yana safari yake." Yule mwanamke akainama akachukua debe lake. Kwenye kiungo cha bomba palikuwa na tone lililodondoka polepole, nasi watoto tulikuwa tunapokezana kulikinga kwa ulimi. Alipogundua, akaja na kopo la lami akaliziba. Nakumbuka alivyolipaka kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto dawa, huku akitutazama.

Sijui kwa nini nimeanza na huyo, maana sikutaka kuzungumzia reli. Mimi nikianza kusimulia huwa napitia kwenye nyumba za watu wengine kwanza. Lakini naona ni kwa sababu ya ufunguo. Tangu siku ile mtu yeyote anayenionyesha ufunguo halafu akaurudisha mfukoni, namchukia hapo hapo, hata kama hajanikosea lingine. Na juzi Neema, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kambi, alikuja akagonga mlango wangu. Kugonga kwenyewe ni heshima tu, mlango huu haufungi, unashikiliwa na waya niliouzungushia msumari, na pale pa kitasa pana tundu kubwa nililolitoboa mwenyewe kwa patasi. Akasema, "Shikamoo, babu. Daktari Elibariki amefariki. Tutamfanyia kumbukumbu hapa kambini, wageni watakuja. Tunaomba useme maneno machache mazuri, wewe ulifanya naye kazi ule mwaka." Nikamwambia marahaba, pole, na kwamba maneno mazuri sina. Akadhani natania. Akasema, "Hata mawili tu, babu." Mawili pia sina. Niliyo nayo ni haya, na si ya kusomwa mbele ya wageni.

Watu husema mtu hufundwa akiwa mdogo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikatoka sijafundwa. Mwaka ulionifunda ulinikuta nina mvi, sina mke tena, sina nyumba, ninalala kwenye stoo ya mdogo wangu Idi, huku upande wa Mkiwa. Idi ni mrina asali. Stoo yenyewe ilikuwa ya vitu vyake: mizinga mipya isiyotundikwa, kamba, mapipa ya asali, na kwenye kona matonge ya nta yaliyopangwa kama matofali. Mimi nilikuwa kati ya mapipa na nta. Nilinuka asali kiasi kwamba nikienda msikitini watoto walinifuata nyuma. Ukuta wa stoo ndio ukuta wa jiko, na tofali la udongo halizuii kitu. Kila jioni nilisikia mwiko ukigonga sufuria, nikasikia mlenda ukichemka, halafu nikajisikia mimi mwenyewe ninavyozungumzwa.

Mama Zaituni, mke wa Idi, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ingekuwa kelele ningeweza kujibu. Alikuwa anauliza kwa upole. "Baba Zaituni, kaka yako atazeekea hapa?"

"Ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako. Mimi niliolewa na mmoja."

"Anakula kidogo yule."

"Nani kataja chakula? Chakula anakula, ale. Nasema kukaa kwake. Anakaa kama mtu anayesubiri treni. Asubuhi yupo, jioni yupo, na treni yenyewe haipo siku hizi."

Halafu analeta sinia yeye mwenyewe, ugali wa uwele umekaa vizuri, mlenda una karanga, anapiga goti kidogo, anasema, "Karibu chakula, shemeji." Na mimi nasema, "Ahsante, shemeji, umejisumbua." Tuliishi hivyo. Ugali ule ulipita kooni kama mchanga. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: chumba ambacho ukuta wake hauzungumzi. Si nyumba. Chumba. Nikae mimi, nifunge mlango kwa ndani, nisikie kimya.

Na chumba kilikuwapo. Kilikuwa kambini kwa watu wa matangi.

Nieleze matangi, maana wapo wanaofikiri tulikuwa tunachimba madini. Huko mbali sana mbinguni, kupita nyota tunazoziona, kuna vitu vinarushwa, vidogo kuliko vumbi, vinakuja kwa kasi isiyosemeka. Vikigonga hewa ya juu vinapasuka, vinamwagika kwetu huku chini kama mtama kwenye gunia lililochanika. Vinatupita mwilini na hatuvisikii. Sasa wasomi wa huku na wa ng'ambo waliweka matangi mbugani, makubwa, ya duara, moja hapa, jingine mwendo wa kutosha kule, mpaka macho yanachoka. Ndani ya kila tangi maji safi sana na giza tupu, na ndani ya giza hilo vyombo wanavyoviita macho. Kile kidude kikipita kwenye maji kinatoa mwanga kidogo, macho yanauona, redio inapeleka habari kambini kwenye kompyuta. Matangi yote pamoja ni chombo kimoja. Yaani mbuga yote ile ilikuwa jicho moja.

Mwaka huo lile jicho lilikuwa linaongezewa nguvu. Maji peke yake hayakujua kutofautisha kidude cha aina hii na cha aina ile, kwa hiyo ilitakiwa kila tangi livalishwe bamba juu yake, kama kofia. Bamba lilikuwa sanduku jembamba la bati, ndani lina plastiki inayong'aa ikipitiwa na hivyo vidude, na juu ya bamba paa dogo la kulikinga jua, kati yake upenyo wa mikono miwili. Wafadhili walikuwa wametoa pesa za mwanzo na wakasema wazi: malizeni mstari mmoja mzima wa matangi, tuje tuuone unafanya kazi, ndipo tutatoa za mistari iliyobaki. Wakachaguliwa vibarua, nikiwemo. Mstari wetu ulikuwa wa magharibi, unaoishia kwenye vichaka vile vizito vya Itigi ambavyo hata mbuzi huviogopa.

Mkuu wa kazi alikuwa Daktari Elibariki. Si daktari wa sindano, wa vitabu. Mtoto wa Kinampanda, mtu wa kwetu kabisa mkoani, nilimzidi umri wa kutosha kuwa kaka wa baba yake. Siku ya kwanza akapita kwenye mstari wetu na koti lake la kaki, mikono mfukoni, akafika kwangu akasema, "Habari za kazi?"

Nikaendelea na kazi yangu.

"Mzee, nimekusalimu."

"Nimesikia. Nasubiri salamu yenyewe."

Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kambini kwangu hakuna shikamoo. Kuna kazi." Akaondoka. Akasema kitu kwa Kinyiramba akidhani sielewi. Nikamjibu kwa Kinyaturu nikijua haelewi. Huo ndio mwanzo wetu, na kwa kweli hatukuwahi kupata mwanzo mwingine.

Hata hivyo ndiye aliyekuwa na chumba. Fundi mmoja aliyekuwa akilala kambini aliacha kazi, chumba kikabaki, kina bati, sakafu ya saruji, dirisha la mashariki, kitasa kipya. Daktari akatangaza kwamba mstari ukiisha na pesa zikipita ataajiriwa msimamizi wa mstari wa magharibi, na msimamizi lazima alale kambini, kwenye kile chumba. Nikamwendea. Nikajishusha, nikamwambia mimi vichaka vile navijua, sina familia ya kunivuta nyumbani, nifikirie. Akanitazama. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa ufunguo, akauning'iniza mbele ya uso wangu.

"Ufunguo huu hapa, mzee. Mstari uishe, wageni waridhike, pesa zipite. Chumba chako. Kabla ya hapo usiniulize." Akaurudisha.

Kila aliponikuta nimekaa kivulini alikuwa anaugongesha kwa vidole ndani ya mfuko. Unasikia tu, kling, kling.

Tukafanya kazi. Nitasema haki yake hapa, si kwa kumsifu: na yeye alifanya. Alibeba mabamba begani kama sisi. Jua la kule mbugani linajua kuchagua kichwa, lakini alikuwa anasimama kwenye ngazi mchana kutwa anapima, anapima tena, anagombeza. Chakula tulikula wote chini ya lori, ugali na maharage, na alikuwa analalamika maharage yana mawe kwa sauti ileile aliyolalamikia kazi zetu. "Nani kapika haya? Nani kafunga skrubu hii? Ni mtu mmoja?" Alikuwa anawachukia wafadhili pia. Nilimsikia akipiga simu nyuma ya lori, mara Kiingereza, mara Kiswahili, akimwambia mtu wa wizara, "Wanataka waone mstari umeisha ndipo watoe pesa. Na gundi ya kuumalizia inahitaji pesa. Sasa nizibe na mate?"

Maana hapo ndipo tulipokwama. Gundi. Yale mabamba viungo vyake lazima vizibwe kabisa, mwanga wa jua usipenye hata kwa tundu la sindano, la sivyo jicho la ndani linaona jua badala ya vidude vya mbinguni na linakuwa kipofu. Kulikuwa na gundi maalumu nyeusi, na gundi hiyo ilikuwa kwenye kontena bandarini, na kontena halikutoka. Wiki zikapita. Mabamba yamekaa juu ya matangi, midomo wazi, yamefunikwa maturubai. Tarehe ya wageni ilikuwa imeshapangwa. Nyumbani Mama Zaituni akaanza kuuliza maswali mapya. "Hiyo kazi ya kuziba hewa, imeisha au haijaanza?"

Nilikuwa nimelala stoo, naangalia yale matonge ya nta. Nta kwetu ndiyo inaziba kila kitu. Kibuyu kikipasuka, nta. Ngoma ikilegea, nta. Mzinga ukiwa na ufa, nta na utomvu wa mti. Ukichanganya na masizi inakuwa nyeusi kama usiku. Asubuhi nikamwambia Daktari mbele ya wote.

Akasema, "Wewe mzee. Hizi ni mashine, si mizinga."

Nikasema, "Na mzinga ni mashine, ila hauli gundi ya bandarini."

Wakacheka tena. Safari hii alinitazama muda mrefu, mkono mfukoni, kling, kling. Halafu akasema, "Lete kidogo."

Nikamwomba Idi nta. Idi ni mpole kuliko mimi, lakini kwa mambo ya nyuki ni mtu wa sheria. Akasema, "Sikuuzii, wala sikupi. Kapakeni. Nta ikipakwa mahali inabaki ya aliyeitoa." Nikasema sawa, sawa, kama mtu anayesema sawa kwa mtoto. Tukawasha moto karibu na tangi la kwanza, tukayeyusha nta kwenye sufuria kubwa ya maharage, masizi, utomvu. Na Daktari mwenyewe akakunja mikono ya koti, akachukua mti, akakoroga. Sijawahi kumwona vile. Jasho linamtiririka, moshi unamkaba, anauliza, "Iwe nzito kiasi gani, mzee?" nami namwambia, "Kama uji wa mgonjwa." Mkono wa koti ukaingia sufuriani akatukana, tukacheka wote, hata yeye. Neema, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi aliyekaa kwenye kompyuta, akapiga kelele redioni kwamba tangi la kwanza linasoma vizuri, halina mwanga wa jua hata chembe. Daktari akatupa ule mti hewani. Siku hiyo tulikula nyama. Siku hiyo kama angeniambia shikamoo ningeitikia na ningeyasahau yote. Hakusema. Kesho yake alikuwa yuleyule.

Tukaupaka mstari wote. Tukamaliza. Nikaanza kuota sakafu ya saruji.

Sasa kila mtu wa Itigi anajua, hata anayenyonya, kwamba nta inaita nyuki. Ndiyo maana mrina anapaka nta mzinga mpya ndani kabla hajautundika. Tulikuwa vibarua wengi pale, karibu wote wana mizinga kwao. Na hakuna hata mmoja aliyewaza. Tulikuwa tunatafuta gundi, tukafikiri gundi. Mtu akivaa ovaroli akili yake ya nyumbani anaiacha mlangoni. Mvua zikanyesha, vichaka vikachanua, makundi yakatoka yakitafuta makazi, yakakuta kwenye mstari wa magharibi nyumba za kupanga zilizopakwa tayari, giza safi kati ya bamba na paa, kivuli, hakuna mchwa. Yakaingia. Siku moja tangi moja, baada ya wiki mbuga nzima upande ule inavuma.

Daktari alikuja akasimama chini ya tangi akasikiliza. Nilidhani atanipiga. Akasema polepole, "Wewe umenifanyia hivi kusudi."

"Mimi nataka chumba. Nitafanya kusudi nini?"

"Waondoe."

"Wameshaweka watoto. Ukiwagusa sasa hivi watakula lori lako na aliyemo."

"Basi tutapulizia dawa."

Nikamwambia dawa akapulizie yeye, na aanze kuchimba kaburi, maana Idi akisikia nyuki wameuawa kwa sumu ndani ya nta yake hatakuja na mazungumzo. Alinitukana. Nilimtukana. Neema akatuingilia, akasema mstari unasoma vizuri kuliko mingine yote, nyuki wenyewe wameziba nyufa tulizoziacha, waacheni wageni waone namba kwenye kompyuta, wasipelekwe karibu. Daktari akakubali kwa shingo upande. Akanigeukia akagonga mfuko. "Mstari uishe, wageni waridhike," akasema. "Bado hujamaliza, mzee."

Wageni wakaja. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mzungu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanaume, hasemi sana, anatazama viatu vya watu. Alikuwapo na bwana wa wizara mwenye suti. Wakaonyeshwa namba, wakafurahi. Pilau inanukia, soda zipo kwenye maji. Halafu yule mama akasema anataka kwenda kugusa bamba kwa mkono wake. Daktari akasema njia mbaya. Mama akasema ana viatu vizuri. Tukaenda, magari mawili, na mimi nyuma na ovaroli mpya, moyo unadunda kama wa bwana harusi.

Tukamkuta Idi. Sikumwita, naapa. Amesimama chini ya tangi la mwisho na mwenge wa maganda ya miti unafuka moshi, na Mama Zaituni ana ndoo mbili. Ilikuwa siku ya kurina, basi, asali imeiva.

Daktari akashuka mbio. "Wewe nani kakuruhusu hapa?"

"Shikamoo wageni," Idi akasema kwanza, taratibu. "Nimekuja kwa nyuki wangu."

"Nyuki gani wako? Hili ni tangi la mradi."

"Tangi la mradi. Nta yangu. Nyuki amefuata nta."

"Ondoka!"

"Nitaondoka na asali," Idi akasema, na Mama Zaituni akaongeza, "Na shemeji pia tutamchukua, kama hamna chumba cha kumpa." Hata pale. Hata mbele ya wazungu.

Kelele zile nyuki hawakuzipenda. Bwana wa wizara ndiye wa kwanza kupigwa, shingoni, akakimbilia gari akaingia na koti kichwani. Idi akazungusha moshi, wakatulia. Yule mama mzungu hakukimbia. Akauliza kitu kwa Kiingereza, akionyesha viungo vyeusi vya bamba. Daktari akajibu haraka haraka, akaninyooshea kidole mimi. Nikamuuliza Neema, "Anasemaje?" Neema akatazama chini. "Niambie, binti." Akasema kwa sauti ndogo, "Anasema wewe ndiye uliyepaka nta, kwa siri, yeye hakujua. Anasema umeshafukuzwa."

Nikaona kile chumba kinaondoka. Niliona kabisa, bati, dirisha, sakafu, kama kimepakiwa kwenye treni. Nikapiga kelele, "Muulize nani alikoroga sufuria! Neema, mwambie! Mwambie atazame mkono wa koti!"

Neema hakutafsiri. Haikuhitajika, nilikuwa nauonyeshea kidole mkono wenyewe. Lilikuwa koti lilelile la kaki, hakuwa na jingine la heshima, na kwenye mkono wa kulia, pale lilipoingia sufuriani, doa jeusi lilikuwa halijatoka kwa sabuni yoyote. Yule mama akamsogelea. Akaushika ule mkono wa koti kama anayeangalia kitambaa dukani. Akalikwangua doa kwa ukucha, akanusa. Akakwangua kiungo cha bamba, akanusa. Akafuta kidole kwenye suruali yake. Tukarudi kambini kimya, pilau ikaliwa kimya, asali ya Idi ikaletwa mezani kwenye sahani na ndiyo kitu pekee wageni walichosifu.

Baada ya chakula waliingia ofisini. Mimi nilikuwa natoa makreti ya soda nyuma, na ukuta wa ofisi ni wa mbao nyembamba. Naona Mungu alinipangia maisha ya kusikiliza kuta. Kiingereza kingi. Halafu viti vikasogea, wengine wakatoka, akabaki bwana wa wizara na Daktari, na bwana yule akazungumza Kiswahili, sauti imevimba kama shingo yake.

"Elibariki, pesa wanatoa. Mistari yote. Mstari wako umewashangaza."

"Ahsante Mungu."

"Ngoja. Wanatoa, lakini si kwa jina lako. Watamleta mtu wao."

Nikasikia kiti kikilia.

"Si habari ya nta," bwana akasema. "Mama yule anasema nta ni akili. Anasema mtu angesema tu, tulikosa gundi, tukatumia nta, wangecheka na wangelipa. Anasema hawezi kumwachia chombo mtu anayemsukumia kibarua kosa lake."

"Miaka yangu yote iko kwenye matangi haya."

"Utabaki mshauri. Utakuwa unaitwa."

Nikasikia kling, kling. Halafu ikakoma.

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akanikuta na kreti mkononi. Ovaroli mpya. Nilikuwa nimejiandaa, nina matusi yangu yote nimeyapanga, ya Kiswahili na ya Kinyaturu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akapasahau. Akasimama mbele yangu, akavuta miguu pamoja, akainamisha kichwa kidogo kama walivyomfundisha kwao Kinampanda.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mwaka mzima niliingoja hiyo salamu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ufunguo," nikasema.

Hakuonekana kunisikia. Akanipita, akapita choo cha kambi, akapita tangi la kwanza, akashika ile njia ya magari iendayo barabara kuu ya Mkiwa. Hakuchukua begi. Hakuchukua kofia. Nikaweka kreti chini, nikamfuata hatua chache. "Daktari! Ufunguo wa chumba uko mfukoni mwako!" Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, naam, niliuona. Hakugeuka. Nikamwona mpaka matangi na kofia zao yakamfunika, na baada ya hapo hakuna mtu wa kambi ile aliyemwona tena.